Sura ya Sita: Mlima Ukishashiba Maji

Mwera hakuna mlima. Ukishavuka Mto Pangani kwa pantoni hadi Bweni na kushika njia ya kusini, unapita minazi, mashamba ya mkonge na vichaka, na ardhi yote imelala. Mtoto wa huku anaweza kukua mpaka akaoa bila kupanda mteremko wa kumtoa pumzi. Sura inayohusu milima inayoporomoka huenda ikaonekana ni habari za wengine, za kusikiliza redioni kisha mtu akarudi kwenye wavu wake.

Mimi sioni hivyo, na sababu yangu ya kwanza ni rangi ya maji. Kiangazi mto hushuka taratibu, na rangi yake ni kijani iliyochanganyika na kahawia. Masika yakikolea unageuka mwekundu, na wekundu ule hutoka nje ya mdomo wa mto ukaingia baharini, mtu akauona vizuri akiwa amesimama ufukweni. Huo ni udongo wa shamba la mtu. Huko juu kuna konde la maharage au kabichi ambalo msimu huu limepungua.

Ukiwauliza watu wa Pangani mto wao unatoka wapi, wengi watakujibu Kilimanjaro, na hawakosei. Kikuletwa hukusanya maji ya Meru na ya Kilimanjaro, Ruvu huja na ya upande wa mashariki wa Kilimanjaro na Ziwa Jipe, na mito hiyo miwili hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960. Lakini bwawa hunasa tope. Udongo mwingi wa huko juu hutua pale pale, na maji yanayopita chini ya ukuta huokota udongo mpya njiani. Mkomazi huleta wa Upare na Usambara ya Magharibi, Luengera huleta wa bonde linalozitenga Usambara mbili, na wote huingia Pangani karibu na Korogwe. Kwa hiyo wekundu tunaouona kivukoni umetoka, kwa sehemu kubwa, kwa ndugu zetu wa Lushoto, Bumbuli na Korogwe. Theluji ya Kilimanjaro haihusiki.

Udongo huo hushuka kwa njia mbili. Ya kwanza ni mmomonyoko, punje kwa punje, ambao kila mwanafunzi wa shule ya msingi amewahi kuchorewa ubaoni. Ya pili ni poromoko: upande mzima wa kilima unaachia kwa mara moja, pamoja na migomba, nyumba na waliolala ndani. Sura hii ni ya njia ya pili. Watu wengi, wakiwamo baadhi ya wanaotoa matangazo ya tahadhari, huuhukumu mlima kwa mvua inayoonekana ikinyesha. Mlima huangushwa na maji yaliyokwisha kuingia ndani yake yakakosa pa kutokea, na maji hayo hayaonekani mawinguni.

Nianzie mbali, kwenye theluji, kwa kuwa huko ndiko kusoma mteremko kulikopigiwa hesabu kwa undani zaidi. Juu ya mji wa Davos, nchini Uswisi, watafiti wamekuwa wakichimba mashimo kwenye theluji tangu miaka ya 1930, na walichokigundua mapema ni kwamba theluji ya msimu si kitu kimoja. Kila dhoruba huacha tabaka lake. Tabaka moja hukaza, jingine hubaki chembe kavu zisizoshikana, jingine huyeyuka juu na kuganda tena likawa gamba gumu. Hatari iko pale tabaka zito lililokaza linapolala juu ya tabaka dhaifu. Mtu mmoja akikanyaga mahali pabaya, tabaka dhaifu linavunjika chini yake, ufa unakimbia pembeni, na bamba zima la theluji linaondoka. Mara nyingi sana poromoko linaloua mpanda milima huanzishwa na yeye mwenyewe au mwenzake. Miteremko mibaya ni ya nyuzi 30 hadi 45. Chini ya hapo theluji kwa kawaida hutulia, na juu ya hapo haipati nafasi ya kurundikana, hudondoka kidogo kidogo.

Vipimo vyao ni vya kushangaza kwa wepesi wake. Mtu huchimba shimo, hutenga safu ya theluji yenye upana wa sentimita 30 kila upande, huweka koleo juu yake, kisha hugonga: mara kumi kwa nguvu ya kiganja tu, mara kumi kwa mkono kutoka kwenye kiwiko, mara kumi kutoka begani. Anahesabu. Safu ikikatika na kuteleza kwa pigo la nne, mwenye akili habaki pale kujadiliana na wenzake, anarudi alikotoka.

Hayo ni ya majira ya baridi. Majira ya kuchipua yakifika, jua linapopata nguvu, mchezo unabadilika, na hapa ndipo theluji inapoanza kufanana na udongo wetu. Juu panayeyuka, maji yanapenya chini, yanafika kwenye gamba gumu au kwenye tabaka la chembe kubwa na kukwama. Yanajikusanya. Kilichokuwa kimeshikana kinalainika, na sasa poromoko halihitaji mtu wa kulikanyaga, linaanza lenyewe. Wapanda milima wa Ulaya wana saa yao kwa ajili hiyo. Usiku ukiwa wazi, bila mawingu, theluji hupoa na kuganda, na asubuhi inabeba mtu kama kawaida. Kwa hiyo huondoka kabla ya mapambazuko na kushuka kabla ya adhuhuri. Usiku ukiwa na mawingu, theluji isigande, safari huahirishwa. Na wakati wowote mguu ukianza kuzama kupita kifundo, muda umekwisha. Taarifa ya hatari hutolewa kwa kipimo cha ngazi tano kilichokubaliwa Ulaya mwaka 1993, na majira ya kuchipua mara nyingine hutolewa taarifa mbili za siku moja, ya asubuhi na ya alasiri, ikitajwa kabisa kuanzia urefu gani na upande upi wa mlima.

Kuna atakayeuliza: je, Kilimanjaro? Mbona hatusikii maporomoko ya theluji kule? Jibu ni kwamba theluji haikai muda wa kutosha kujenga matabaka. Hudondoka zaidi katika misimu miwili ya mvua, jua la ikweta huila upesi, na sehemu kubwa ya barafu ya kileleni imekaa juu ya uwanda ambao karibu ni tambarare. Kinachoanguka Kilimanjaro ni mawe. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha, na barafu inaporudi nyuma huachia mawe iliyokuwa imeyashika. Tarehe 4 Januari 2006, kwenye njia ya magharibi inayopita Arrow Glacier, mawe ya namna hiyo yaliwaangukia wapandaji na kuwaua Wamarekani watatu, na njia ikafungwa kwa muda. Lakini huo ni msiba wa wachache wanaopanda kwa hiari yao. Maporomoko makubwa ya nchi hii ni ya udongo, na huwakuta watu majumbani mwao.

Tofauti iliyopo kati ya theluji ya Davos na udongo wa Soni, kule Usambara, ni ya saa. Maji ya kule hugandishwa na usiku, hivyo kila asubuhi hesabu inaanza karibu upya. Yetu hayagandi. Mvua ya Jumatatu inakuta ya Jumapili bado iko ndani, na ya Jumanne inazikuta zote mbili. Wao huhesabu saa, sisi inatubidi tuhesabu siku na wiki.

Maji yanafanya nini huko ndani? Chukua gunia la mchele uliweke juu ya ubao, kisha uinamishe ubao kidogo kidogo. Gunia halisogei, maana uzito wake unaligandamiza kwenye ubao na msuguano unalishika. Sasa mtu aliye chini apenyeze viganja na kulinyanyua kidogo, asilibebe, alipunguzie uzito tu. Gunia ni lile lile, mwinamo ni ule ule, lakini litateleza. Maji yaliyonaswa kati ya udongo na mwamba hufanya kazi ya viganja hivyo. Mhandisi wa Austria, Karl Terzaghi, ndiye aliyelipigia hesabu jambo hili katika miaka ya 1920: kinachoushika udongo ni uzito wake ukitoa msukumo wa maji yaliyomo kwenye nafasi za punje zake. Msukumo ukipanda, mshiko unashuka, hata kama kwa macho hakuna kilichobadilika. Tena udongo wenye unyevu kiasi hushikana kuliko mkavu, ndiyo maana ukuta wa shimo jipya unaweza kusimama wima siku nyingi. Ukilowa chapachapa mshikamano huo hauko tena.

Usambara imeumbwa vizuri kwa balaa hili. Mwamba wake ni wa kale sana, umekuwa ukioza kutoka juu kwa muda mrefu usio na kifani, na juu yake umelala udongo mwekundu wenye kina. Maji huuingia udongo huo kwa urahisi hadi yanapokuta mwamba ambao bado haujaoza. Hapo hayashuki tena, huanza kusafiri pembeni kuelekea bondeni. Yakipata chemchemi ya kutokea, salama. Mvua ikiingiza mengi kuliko chemchemi zinavyoweza kutoa, kiwango kinapanda ndani ya kilima, na viganja vinaanza kunyanyua gunia.

Uchunguzi ninaouthamini kuliko wote uliofanyika nchini kwetu kuhusu jambo hili haukufanyika Usambara. Ulifanyika Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Tarehe 23 Februari 1970 ilinyesha mvua ya milimita 100 hivi ndani ya muda usiofika saa tatu. Ilipokatika, miteremko ya Mgeta ilikuwa imechanika mahali zaidi ya 1,000. Paul Temple na Anders Rapp, waliokuwa katika mpango wa utafiti wa mmomonyoko uliounganisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Uppsala cha Sweden, waliyahesabu na kuyapima makovu hayo, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1972. Maporomoko mengi yalikuwa madogo, yenye kina cha mita moja hadi moja na nusu. Karibu yote yalianzia kwenye mashamba yanayolimwa na kwenye nyasi za malisho au mapumziko ya ardhi. Yaliyoanzia msituni hayakufika hata moja katika kila mia.

Takwimu hiyo ya msitu imerudiwa mara nyingi kwenye hotuba, na kwa kawaida inasemwa nusu. Kilichoifanya Mgeta ishikwe pale penye miti na iachie pale penye nyasi ni kina. Mizizi ya nyasi na ya mahindi inaishia juu ya mahali udongo ulipokatikia, na ya miti inapita pale, inashika chini. Poromoko lenye kina cha mita moja hukutana na mizizi. Poromoko lenye kina cha mita kumi linapita chini ya mizizi yote na kuubeba msitu wima. Ndiyo maana sikubaliani sana na wanaosema “pandeni miti” kama wanaosoma dua, wakaondoka. Mche wa mwaka mmoja haushiki kitu. Na mti uliokatwa hauachi ardhi siku hiyo hiyo. Mizizi yake huoza taratibu, na mshiko wa udongo huendelea kushuka kwa miaka kadhaa baada ya mbao kuuzwa. Mteremko uliofyekwa ukapita masika mawili bila kuanguka haujathibitisha kuwa ni salama. Pengine mizizi iliyokufa bado haijamaliza kuoza.

Mgeta inanikumbusha ugomvi wa zamani zaidi, ambao Usambara nayo iliuonja. Kuanzia mwaka 1946 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa kuhifadhi ardhi Mlalo, ukatanuliwa baadaye kuwa mpango wa Usambara, na wakulima wakashurutishwa kulima matuta yanayokinga mteremko. Watu waliyachukia matuta, wakagoma, na mpango ukafa kabla ya mwisho wa miaka ya 1950. Uluguru ilikuwa kali zaidi: mwaka 1955 mgogoro wa matuta ulifika mahali polisi wakafyatua risasi na mtu akafa. Historia hii husimuliwa kama sura ya kupigania uhuru, na ndivyo ilivyo. TANU ilijua kuitumia chuki ile, na wakulima wengi walichukia zaidi shuruti na kazi isiyo na malipo kuliko jambo lolote la kihandisi.

Hata hivyo swali la kihandisi lilikuwapo, na halikuwa upande wa mabwana shamba. Tuta limeundwa kuyasimamisha maji yasikimbie na udongo. Yakisimama yanaenda wapi? Yanaingia ndani. Kwa mmomonyoko hiyo ni tiba. Kwa mteremko mkali wenye udongo mnene juu ya mwamba usiopitisha, ni kuunywesha mlima kwa makusudi. Mradi wa SECAP, ulioanza Lushoto mwaka 1981 kwa msaada wa Ujerumani, ulikuja na njia ya upole zaidi: mistari ya majani ya guatemala yanayofuata kontua, miti katikati ya mazao, na lishe ya ng'ombe ikipatikana humo humo. Mstari wa majani hupunguza mwendo wa maji bila kuyafungia, na labda ndiyo sababu wakulima wengi waliukubali bila kusukumwa na askari. Ninapoona leo watu wakihimiza matuta ya fanya juu kila mahali, kuanzia kwenye mwinamo wa polepole ambako yanafaa sana hadi kwenye genge, natamani mtu apime kwanza.

Na kupima hakuhitaji mtaalamu. Fundi yeyote wa Mwera ana ubao na pima maji. Ushike ubao wa mita moja uwe umelala sawasawa, ncha moja ikigusa ardhi upande wa juu wa mteremko, kisha upime kutoka ncha ya pili kushuka wima hadi ardhini, ukiwa na timazi. Ukipata sentimita 58, hizo ni nyuzi 30. Ukipata mita nzima, ni nyuzi 45. Usijidanganye kwamba udongo wa mfinyanzi unangoja nyuzi 30. Ukiwa umelowa kwa kina, unaweza kutambaa kwenye mwinamo ambao theluji ingelala salama.

Maporomoko ya kina kirefu ndiyo yanayoua vijiji. Novemba 2009, kule Goha katika milima ya Upare wilayani Same, baada ya mvua za mfululizo, mlima uliwaangukia watu usiku na zaidi ya 20 wakafa. Tarehe 1 Machi 2010, Nametsi ilifukiwa, kijiji cha Bududa upande wa Uganda wa Mlima Elgon, pamoja na kituo chake cha afya, na waliotoweka walihesabiwa kwa mamia. Kisha ikaja Hanang. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliyokuwa imelowa ilimeguka, ikageuka tope zito lenye mawe na magogo, ikashuka kwa makorongo hadi Gendabi na mji wa Katesh. Waliokufa walifika 89.

Hanang inafaa kutazamwa kwa makini na watu wa tambarare. Katesh haiko mlimani. Iko chini, mahali pazuri pa soko, na wengi waliofikwa hawakuwa wamejenga kwenye mteremko wowote. Poromoko likishapata maji ya kutosha haliitwi tena poromoko, ni mto wa tope, na mto hufuata korongo. Anayeishi kwenye mdomo wa korongo, hata ardhi yake ikiwa sawa kama meza, anaishi kwenye njia. Ukitaka kujua kama korongo limewahi kufanya hivyo, tazama kilichorundikana mdomoni mwake. Mto wa kawaida hupanga mawe yake, makubwa upande wa juu wa mto na madogo upande wa chini. Tope huyaacha yamechanganyika ovyo, jiwe la ukubwa wa gari likiwa limekaa juu ya mchanga laini.

Sasa dalili za mteremko wenyewe, wakati wa masika, kwa anayeishi Soni, Bumbuli au Mgwashi, au kwa mtu wa Mwera aliyeoa huko na kwenda kutembelea wakwe. Ya kwanza kuitafuta ni ufa, hasa ule unaokwenda sambamba na kontua, umepinda kidogo kama upinde, upande wa juu wa shamba au nyumba. Ufa wa kiangazi hujifunga mvua ikija, kwa hiyo ufa unaofunguka katikati ya mvua una sababu nyingine. Kuuziba kwa udongo ili usionekane vibaya hakusaidii. Kuuziba ili maji yasiingie kunasaidia kidogo, na heri zaidi kuyachepusha yanayoteremka kuelekea kwake. Kisha kuna nyumba yenyewe. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri unaanza kukwama, sakafu inatengana na ukuta, nguzo za uzio zinaacha kuwa kwenye mstari. Miti iliyopinda shina tangu chini kisha ikanyooka juu inasema mteremko umekuwa ukitambaa kwa miaka. Ikiwa yote imelala upande mmoja ghafla, kuna kitu kimeondoka karibuni.

Lakini ninayoitilia mkazo ni dalili za maji. Chemchemi mpya inayotokea mahali pasipokuwa na chemchemi inaonyesha kiwango cha maji ndani kimefika hapo. Chemchemi ya zamani iliyokuwa safi ikianza kutoa tope, udongo unasombwa kutoka ndani. Ya kutisha zaidi ni chemchemi inayokauka huku mvua ikiendelea, maana maji hayajaisha, yamezibwa. Vivyo hivyo na kijito: mvua inanyesha, nacho kinapungua. Huko juu pameshazibwa na kifusi, na kizuizi hicho kitakapoachia kitakuja na kila kitu. Hapo hakuna kurudi ndani kuchukua godoro. Mtu anaondoka kwa upande, kuelekea kwenye kinundu cha mlima, wala hakimbii kufuata korongo kushuka.

Kuna mambo ambayo watu hujifanyia wenyewe. Usambara viwanja ni vya kuchonga. Mtu hukata mteremko, akasawazisha, akajenga, na ukuta wa udongo unabaki wima nyuma ya jiko. Aliyekata hapo ameondoa mguu uliokuwa ukiubeba mteremko. Barabara ya Mombo kwenda Soni na Lushoto imechongwa kwa namna hiyo hiyo kwa kilometa nyingi, ndiyo sababu masika yakipamba moto magari ya mboga huchelewa na kabichi hupanda bei sokoni Tanga. Halafu juu ya kiwanja kilichochongwa mtu anaelekeza maji ya paa la bati kwenye shimo, na shimo la choo liko hatua chache kutoka hapo. Paa moja la nyumba ndogo, katika mvua ya milimita 50, humwaga maelfu ya lita. Mfereji wa kuyatoa hadi kwenye korongo lenye mawe ni kazi ya siku mbili, na naiona kuwa na faida kubwa kuliko mengi yanayogharimu fedha za wafadhili.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa maonyo kwa ngazi: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Mvua kubwa kwao ni inayozidi milimita 50 kwa saa 24, na mikoa hutajwa kwa majina. Kwa mvuvi wa Mwera taarifa hizo ni nzuri, zinamwambia upepo na mawimbi, naye anajua la kufanya. Kwa mama wa Mgwashi hazitoshi. Mkoa wa Tanga una ufukwe, una nyika na una milima inayozidi mita 2,000, na milimita 50 za mwanzo wa Machi juu ya udongo mkavu si sawa na milimita 50 za katikati ya Mei. Mwaka 1975 mjiolojia wa Marekani, Russell Campbell, alionyesha kwamba kwenye vilima vya kusini mwa California udongo ulianza kuporomoka baada ya msimu kukusanya milimita 250 hivi, na kuanzia hapo mvua ya milimita sita tu kwa saa ilitosha. Namba za California si za Soni. Ila namna yake ya kuuliza ndiyo tunayoihitaji: mlima umeshakunywa kiasi gani kabla ya leo?

Swali hilo kijiji kinaweza kulijibu chenyewe. Kopo lolote lenye kuta zilizonyooka, limewekwa mahali pa wazi mbali na paa na miti, ni kipimamvua. Rula ya mwanafunzi inasoma milimita zake kila asubuhi saa moja, na daftari linabeba jumla ya siku tatu, ya siku kumi na ya msimu. Baada ya miaka michache, na baada ya kuandika tarehe za kila poromoko dogo la barabarani, kijiji kitakuwa na namba zake chenyewe. Shule ndizo zinazofaa kazi hii, kwa kuwa hazihami na kila mwaka huwa na darasa jipya la kufundisha kusoma rula.

Linabaki suala la kurudi nyumbani, ambalo huleta ugomvi zaidi kuliko kuhama. Mvua imekatika, jua limetoka, watu wamechoka kulala darasani, ng'ombe hawajakamuliwa. Maporomoko ya kina cha mita moja mara nyingi huja mvua ikiwa bado inanyesha au muda mfupi baadaye. Yale ya kina kirefu hayana haraka. Maji huchukua siku kufika chini, na kilima kinaweza kuachia jua likiwa linawaka. Palipoporomoka jana napo hapajawa salama, kwa sababu ukingo wa juu wa kovu umebaki wima bila kitu cha kuuegemea, na waliokuja kufukua ndio wanaosimama chini yake.

Kwa hiyo piga vigingi viwili vya mti ardhini, kimoja kila upande wa ufa, na msumari juu ya kila kimoja. Pima umbali kati ya misumari asubuhi na jioni, uandike. Ukiongezeka milimita mbili leo, nne kesho, tisa keshokutwa, hakuna anayelala pale, hata kama mawingu yameondoka. Usipoongezeka kwa siku kadhaa, na chemchemi za chini zikawa zimepungua na kuwa safi, watu wanaweza kurudi mchana kukamua na kuvuna, na usiku walale kwa jamaa mpaka kipimo cha wiki nzima kiwe kile kile.